Herlinda azunguka Orizaba kuwarudisha wauzaji wa karatasi

Asubuhi hii manyunyu hayajakatika mjini Orizaba, Meksiko, tangu juzi, na Herlinda Tzompaxtle anasukuma mkokoteni mtupu kupanda kilima. Ameufunika kwa nailoni kana kwamba umebeba unga.

"Namfunikia atakayepanda," anasema bila kupunguza mwendo. "Karatasi na mvua ni paka na panya."

Atakayepanda, mambo yakienda vizuri, ni muuza samaki mnene mwenye midomo myekundu, aliyetengenezwa kwa karatasi, gundi na waya. Anaitwa Petra. Tangu mwanzoni mwa Februari anakaa sebuleni kwa Doña Ubalda Cuaquehua, mama anayekaanga garnacha, vile vimkate vya mahindi vyenye nyama na viazi juu, mbele ya lango la bustani ya michezo ya La Garza.

Herlinda anagonga mlango.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ni jina la wadai. Sema jina lako."

"Herlinda, mwenzangu. Nimekuja kumchukua Petra."

Mlango unafunguka nusu. Nyuma ya Doña Ubalda, Petra ameketishwa kwenye kochi, kapu la samaki magotini, uso umeelekezwa kwenye televisheni.

"Petra hana safari."

"Jumapili ya Matawi tunafungua."

"Fungueni. Kwani yeye kawakataza?"

"Soko gani halina muuza samaki?"

"Na akirudi mtamweka wapi? Nyuma ya skrini? Akae amtazame yule bata wa katuni akikata viuno?"

"Hakuna bata, Ubalda."

"Nani kasema hakuna? Mlete aje alisemee hapa hapa, nitamkaangia na garnacha za bure."

Herlinda hana wa kumleta. Mlango unafungwa taratibu, kwa heshima zote. Anageuza mkokoteni.

Herlinda ana miaka hamsini na saba. Kazi yake ni kutunza sanamu za Mercadito, mchezo wa boti ambao watu wa hapa waliupanda wakiwa bado wanabebwa. Boti ya watu sita inaingia kwenye handaki lenye giza na kuelea polepole mferejini. Pande zote mbili kuna soko la zamani: meza, taa za kandili, mapapai ya plasta, na wauzaji thelathini na wanne wanaotikisa vichwa na kuinua mizani. Hakuna anayerushwa juu wala kugeuzwa kichwa chini. Unaingia, unatoka. Vijana husema mchezo huo unachosha, kisha wakipata wachumba utawaona kwenye foleni.

Fundi aliyezitengeneza sanamu hizo alichukua sura za wauzaji halisi wa soko la mjini. Wengi wao sasa wamekufa. Kwa hiyo mtu hapandi boti kwenda kutazama muuza vitunguu. Anakwenda kumwona bibi yake.

"Kuna mzee mmoja huja kila Jumapili kumtukana muuza tumbaku," anasema Herlinda. "Ni baba mkwe wake. Enzi za uhai wake hakuthubutu."

Kwa miaka mingi uongozi wa bustani haukununua hata kipande cha kitambaa, na wauzaji wakaanza kuchanikiwa nguo mbele za watu. Herlinda akaenda sokoni akauliza: nani atakuwa mama wa ubatizo wa muuza samaki? Swali halikumshangaza mtu. Hapa keki ya harusi ina mama yake wa ubatizo, pete zina wake, hata viatu vya bwana harusi vina wake. Kufikia jioni kila sanamu ilikuwa imepata mtu, isipokuwa moja.

Tangu hapo, kila siku ya Candelaria, tarehe mbili Februari, nyumba zinapomvisha Mtoto Yesu nguo mpya na kumpeleka kanisani abarikiwe, akina mama wa ubatizo wa Mercadito nao huja bustanini na mavazi ya wauzaji wao. Herlinda hukunja pindo na kufunga vifungo. Kisha hukaa wote ukingoni mwa mfereji wakala tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani, na kuchambuana nguo.

Mwaka huu uvumi uliwahi kufika kuliko tamale.

Katikati ya Januari wanaume wawili wenye kamba za kupimia waliingia handakini wakapima kuta na sakafu. Mlinzi wa lango aliwasikia wakizungumza habari za skrini. Akampelekea Doña Ubalda habari hiyo, na kinachopita kwenye kikaango cha Doña Ubalda hakitoki bila chumvi. Wiki mbili baadaye mji mzima ulijua kwamba Mercadito inang'olewa, mahali pake panawekwa skrini, na humo atacheza bata wa katuni. Bata mwenyewe alishapata jina, kofia na mke.

"Nilimuuliza Mhandisi, meneja wetu," anasema Herlinda. "Akaniambia, 'Hakuna kilichoamuliwa.' Sasa mtu akikujibu hivyo, wewe usiku utalala?"

Siku ya Candelaria akina mama walikuja na nguo kama kawaida. Waliwavisha wauzaji wao, wakawapangusa vumbi, wakawarekebishia kofia. Kisha Doña Ubalda akamkumbatia Petra kiunoni na kujaribu kumwinua.

"Ukisikia nyumba ya mtoto wako wa ubatizo inabomolewa," aliwauliza wenzake, "unamwacha humo humo?"

Wenzake nao wakawashika wa kwao viunoni. Herlinda mwenyewe alileta bisibisi akafungua skrubu za miguuni. "Wasingesikia la mtu," anasema. "Nisingefungua, wangewavunja vifundo."

Muuza vitunguu aliondoka kwa teksi, kiti cha mbele, amefungwa mkanda. Muuza maua alipanda basi la Zongolica na kulipiwa nauli yake. Wengine walibebwa mabegani, msururu mzima, wakiwa na nguo zinazonukia pasi. Mlinzi, Don Crispín Apale, aliwafungulia lango kubwa na akavua kofia.

Msimlaumu. Siku hiyo kila mtu mjini alikuwa amekumbatia sanamu yenye nguo mpya. Alidhani wanakwenda kubarikiwa.

"Niliwasubiri warudi," anajitetea. "Najua misa haimalizi siku nzima, lakini mahubiri ya padri wetu nanyi mnayajua."

Hawakurudi. Ukweli ulikuja baadaye, ukiwa nusu nusu. Wale wapimaji waliletwa kwa sababu mfereji unavuja na lazima uzibwe. Skrini nayo haikuwa uongo mtupu: mmoja wa wenye mali amekuwa akiisifu tangu arudi kutoka safari zake, ila wenzake walikuwa wakimpuuza. Mwishoni mwa Februari walikuja wote kukagua mfereji. Walikuta meza, mizani na mapapai, na nyuma ya meza hakuna mtu.

"Kama wenyewe wamewaondoa, sisi tunahifadhi nini?" aliuliza yule wa skrini. Safari hii hakuna aliyembishia.

Ndivyo mji ulivyoikimbia habari mbaya mpaka ukaenda kuigonga kichwa.

Meneja wa bustani, Mhandisi Leobardo Bárcenas, hana furaha na jambo hili. "Mimi mwenyewe nimepanda boti hiyo nikiwa nimeshikwa mkono na bibi," anasema. "Lakini siwezi kusimama mbele ya wenye mali nikatetea meza tupu. Waniletee wauzaji kabla ya Jumapili ya Matawi. Hapo nitakuwa na la kusema."

Wakirudi, Mercadito itabaki?

"Nitakuwa na la kusema," anarudia, na kutazama dirishani.

Basi akina mama wanataka ahadi ndipo watoe sanamu, na meneja anataka sanamu ndipo akaombe ahadi. Katikati yao kuna mwanamke mmoja na mkokoteni. Mpaka sasa amewarudisha saba. Mmoja wao hana sikio, kwa sababu alikolala kulikuwa na mbwa. Na hao saba amewafungia stoo, hajawaweka mezani. Anasema anasubiri wawe wengi.

Nyumbani nako hakuna utulivu. Binti yake, Yareli, anashona sare za shule kwenye kiwanda kimoja huko Río Blanco na amemtafutia mama yake nafasi. Bustani inamlipa Herlinda peso elfu mbili na mia mbili kwa wiki. Kiwandani angeongezewa mia saba, na angefanya kazi ameketi, chini ya paa. Wanataka jibu Jumatatu.

"Mama, unasukuma watu wa karatasi kwenye mvua," Yareli alimwambia juzi wakati wa chakula.

"Nawafunika."

"Wewe nani anakufunika?"

"Mimi si wa karatasi."

Yareli hakucheka. Alihesabu magoti ya mama yake kuwa mawili, na yote mawili mabovu, kisha akaosha vyombo kwa kelele.

Mchana Herlinda anasimama mbele ya lango la bustani, kwenye meza ya Doña Ubalda. Kufungiana mlango asubuhi hakuzuii watu kula pamoja adhuhuri. Foleni ni ya wafanyakazi wa bustani na madereva wa teksi.

"Kula, umekonda," anasema Doña Ubalda akimwagia mchuzi wa pilipili juu ya viazi. "Huo mkokoteni unakumaliza nyama."

"Nipe mbili."

"Nakupa tatu. Leo umepata nani?"

"Hakuna. Wa kule juu wanasema wanakusubiri wewe. Ubalda akimtoa Petra, nao watatoa."

"Mimi namsubiri Mhandisi."

"Mhandisi anawasubiri ninyi."

"Basi tutazeeka pamoja." Dereva mmoja anacheka. Doña Ubalda anafuta mikono kwenye aproni. "Nikuulize kitu, Herlinda, mbele za watu?"

"Uliza."

"Muuza makaa yuko wapi?"

Mafuta yanachemka.

Muuza makaa ndiye yule mmoja aliyekosa mama wa ubatizo siku ile sokoni. Hana jina kubwa wala jamaa anayemkumbuka, na nguo zake hata zikiwa mpya lazima zipakwe masizi. Herlinda alimchukua yeye mwenyewe, na kila mwaka ndiye anayemvisha. Watu wanamwita Nabor kwa sababu Herlinda ndiye aliyeanza kumwita hivyo.

"Yuko salama," anasema.

"Salama wapi?"

"Jikoni kwangu."

"Ahaa." Doña Ubalda anageuza garnacha moja, kisha nyingine. "Kumbe jikoni kwako bata hafiki."

Foleni nzima inaangua kicheko. Herlinda analipa na kuondoka. Garnacha moja imebaki sahanini, haijaguswa, na hakuna aliyewahi kuona hilo likitokea.

Jioni, nyumbani kwake, Nabor amekaa kwenye kigoda kando ya jiko, gunia la makaa ya plasta begani, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza wengine wakizungumza. Herlinda anamtazama kwa muda akiwa bado na koti la mvua mwilini.

"Nimegonga milango ya watu mwezi mzima," anasema. "Nawaambia mtoeni, mtoeni. Na mimi wangu nimemkalisha hapa anaota moto. Ubalda ana mdomo mbaya, lakini hapo hakukosea."

Kwa nini hakumrudisha wa kwanza kabisa?

Anavuta kiti na kukaa. Anasugua goti.

"Wale wengine wana picha za watu wao ukutani. Wana makaburi. Huyu hana kwingine. Nikimrudisha, halafu waje na nyundo zao, itakuwa nimempeleka mwenyewe kwa mkono wangu." Anaendelea kwa sauti ile ile kavu. "Lakini akikaa hapa, soko halipo. Na yeye bila soko ni mzee mchafu aliyekaa jikoni kwangu."

Anachukua bisibisi na skrubu nne kutoka kwenye droo ya vijiko, anazifunga kwenye leso.

Mpango wake hausubiri Jumapili ya Matawi wala neno la Mhandisi. Kesho Jumamosi atamfunga Nabor kwenye meza yake, ya kwanza kushoto baada ya kona, na atawatoa wale saba stoo akawaweka kwenye nafasi zao. Atawasha kandili za meza zao tu. Nyingine zitabaki giza. Don Fidencio wa pampu amekubali kujaza mfereji, uvuje utakavyovuja, na kuachia boti moja. Akina mama wa ubatizo wote wamealikwa kupanda.

"Sitawaomba tena," anasema. "Wapite wenyewe, wazione meza zao. Atakayeweza kupita mbele ya meza tupu ya bibi yake, na akae naye nyumbani."

Na kiwanda cha sare?

"Jumatatu ni Jumatatu."

Anamfunika Nabor kwa nailoni, anaikaza chini ya miguu, anajaribu kama mkokoteni unapita mlangoni. Unapita kwa shida. Kabla ya kuja nyumbani, anasema, alirudi kwenye meza ya garnacha kumpelekea Doña Ubalda mwaliko.

"Kasema hawezi, Jumamosi ana kazi nyingi." Herlinda anainama kuangalia gurudumu. "Halafu akaniuliza boti inaondoka saa ngapi."