Vichwa Kumi na Viwili vya Bi Verlene

Bi Verlene Gadsden amewatengeneza nywele wanawake wa Kaunti ya Tillery, huku Karolina Kusini, Marekani, kwa miaka arobaini na sita, na muda wote huo amekuwa akiwahesabu. Si nywele, vichwa. Nani kafa, nani kaolewa kaunti ya pili, nani kamleta mamake kutoka Filadelfia. Kila mchujo wa vyama ukikaribia, ule uchaguzi wa mwezi wa sita ambao kila chama huteua wagombea wake, alikuwa akitangaza matokeo salunini, draya zikivuma, na sikuwa nimemwona akikosea zaidi ya kura chache. Nilikuwa nasuka kwenye kiti cha pili, namsikiliza, na kusema kweli alikuwa akiniudhi.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mjini kuna akina mama wa kanisa, hao ni chama chetu, na wanapiga kura hata wakiwa na homa. Ziwani kuna wastaafu wa Kizungu waliohamia kutoka kaskazini na maboti yao, hao ni chama kile kingine, na kila mwaka wanaongezeka. Mitaa ya kiwanda cha kuku?

"Hao mwezi wa sita hawatoki," alikuwa akisema. "Vijana, zamu za usiku, watoto wadogo. Weka sifuri."

Mwaka ule mpwa wake Jerline, aliyemlea tangu ana miaka minne, aligombea kiti cha mchunguza vifo wa kaunti. Ndiyo, huku hata anayekuja kuthibitisha umekufa hupigiwa kura. Walikuwa watatu kwenye mchujo wa chama chetu, na anayetaka kushinda moja kwa moja lazima avuke nusu.

"Jerline anavuka nusu kwa kura thelathini," Bi Verlene akatangaza. "Kwa hiyo sisi wa Alhamisi tuna kazi nyingine."

Wa Alhamisi ni yeye na wateja wake kumi na mmoja wa siku hiyo, wajane karibu wote. Kazi nyingine ilikuwa kumwangusha sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, naye pia wa kupigiwa kura. Sherifu alikuwa ameamuru gari la Bi Verlene livutwe kutoka mbele ya kanisa, siku ya mazishi, na yeye yuko ndani anaimba. Lakini tangu ziwa lijae wastaafu, anayeshinda mchujo wa chama kile ndiye huwa sherifu. Huku siku ya mchujo unachagua mwenyewe upewe karatasi ya kura ya chama gani, ila moja tu.

Basi wakavuka. Nimesimuliwa na Otis, anayesimamia daftari la wapiga kura pale kituo cha zimamoto tunapopigia kura, mtu asiyejua kunong'ona.

"Bi Verlene! Karatasi ya chama gani leo, ile ile?"

"Ile nyingine."

"Ipi?"

"Otis, nitakuja kukunyoa hizo nyusi! Ile ya ziwani!"

Foleni nzima ikageuka.

Sherifu alishinda vilevile, na kwa kura nyingi. Jerline aliongoza, lakini kufika nusu zikapungua kura nne. Nne! Duru ya pili ni wiki mbili baadaye, na aliyechukua karatasi ya chama kile haruhusiwi kurudi kwetu; ambaye hakupiga kabisa anaruhusiwa.

Jerline alikuja salunini na sahani ya samaki wa kukaanga, hajui lolote.

"Shangazi, leta wale wa Alhamisi, tuanze nao."

Bi Verlene akazima draya. Akamwambia yote, mpaka habari ya gari. Jerline aliweka sahani chini polepole.

"Zilipungua nne, Shangazi. Nyinyi mlikuwa kumi na wawili."

Akatoka. Bi Verlene alibaki kamshika mteja kichwa, na mteja hakuthubutu kulalamika.

"Mwanaidi," akaniita baadaye, sauti imekwisha. "Nitapata wapi vichwa ambavyo havikupiga kabisa?"

"Mimi je?"

"Wewe je nini?"

"Nina uraia mwaka wa tisa. Nimejiandikisha. Hukuniuliza hata siku moja."

"Si nilidhani wewe ni... wa kwenu."

"Kwetu ni hapa, Bi Verlene. Umeniweka sifuri na watu wa kuku, na nusu ya watu wa kuku nawasuka mimi."

Nilisema kwa hasira na sijutii. Alinitazama, kisha akachukua mkoba. Wiki mbili tuligonga milango ya mitaa ile ya kiwanda, yeye na viatu vyake vya kanisani, mimi natafuta waliojiandikisha. Mmoja alimuuliza, "Mama, mbona miaka yote hukuja?" Akajibu, "Kwa sababu mimi ni mjinga, mwanangu. Utatoka Jumanne?"

Jumanne nilimwambia Otis nataka ya chama chetu, na nikaisema kwa sauti kumshinda yeye. Bi Verlene alikaa nje garini tangu saa moja asubuhi, haruhusiwi kupiga, akihesabu wanaoingia.

Jerline alishinda kwa kura kumi na tisa. Alikimbia kuja kumkumbatia shangazi yake pale pale garini, na yule mama, ambaye sijapata kumwona akitoa chozi hata msibani, alilia kwa kwikwi.

"Kumi na tisa," alisema, "na hakuna hata moja yangu."