Kahawa ya Kuongeza Maji

Nani alikudanganya kwamba mama yako hajui kupika kahawa?

Paddy hakudanganywa na mtu. Alijidanganya mwenyewe. Alikuwa amefanya kazi mwaka mzima katika mkahawa mmoja wa Busia, upande wa Kenya, akajifunza kupima buni kwa mizani, kuzisaga kwa mkono, na kumimina maji polepole juu ya chujio la karatasi. Jumamosi moja akarudi kwao Molo, wilayani Tororo, Uganda, vyombo mgongoni, hasira kifuani. Na hasira yenyewe ilikuwa ya haki. Kwa nini mkulima wa Tororo auze buni nzuri kwa dalali, abaki akinywa mabaki? Utamu wa kahawa ni wa wageni tu?

Mama yake, Akiteng, alikuwa na njia yake. Alikaanga buni kwenye kigae cha chungu mpaka ziwe nyeusi kabisa, akazitwanga, akazichemsha na tangawizi. Kisha aliweka sufuria katikati ya uwanja, wanaume wakaizunguka, akawachotea kwa kata. Ikipungua, aliongeza maji moto juu ya machicha yaleyale. Akaongeza tena. Kufikia jioni kahawa ilikuwa imepauka kama maji ya kuoshea vikombe, lakini hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameinuka.

Malwa, pombe ya wimbi, hunywewa hivyohivyo kwao: chungu kimoja katikati, kila mtu na mrija wake, na maji moto ya kuongeza. Akiteng aliiga makusudi. Mumewe, Emojong, alikuwa ameacha pombe miezi saba, baada ya ini kumlaza hospitali na daktari kumwonya kwamba akirudia, hatapona. Pombe aliweza kuiacha. Kilichomshinda ni kukaa mbali na wenzake. Basi mkewe akamletea wenzake nyumbani.

Paddy alijua baba ameacha pombe. Hakuwahi kuuliza ameachaje.

Alifika saa nane mchana, sufuria ikiwa imeongezwa maji mara moja tu. Akachungulia ndani.

"Mama, haya ni maji machafu! Kahawa mnauza, uchafu mnakunywa?"

"Hiyo ni ya kuongeza, mwanangu. Wacha."

"Hapana. Leo mtakunywa kahawa kama watu."

Akaibeba sufuria, akamwaga yote migombani, machicha na kila kitu. Akiteng akawatazama wageni. Angemgombezaje mbele za watu? Mwanawe ndiye aliyesoma.

Kikombe kimoja kilichukua dakika nne. Wanaume sita wakakaa kutazama matone.

"Kijana, hii kahawa yako nadondoka kama paa yangu," akasema jirani yao Elungat. "Tutazeekea hapa."

"Umeshazeeka, mzee," Paddy akamjibu, wakacheka.

Kahawa ilikuwa nzuri kweli. Emojong alisema inanukia maua. Kila mmoja akapata kikombe kidogo, akakimaliza, akakiweka chini, akangoja. Hakukuwa na cha kuongeza. Buni za Paddy zilikuwa zimekwisha, naye alikuwa ameshaanza kusuuza vyombo.

"Basi," Elungat akasema, akijipangusa suruali. "Asante, mwalimu. Sisi nakwenda kwa Resty, kwa malwa. Huko chungu haina haraka."

Wakainuka mmoja mmoja. Emojong akabaki na viti vitupu. Alivumilia kidogo tu.

"Nawasindikiza," akamwambia mkewe bila kumtazama.

Akiteng hakumkaripia mwanawe. Afadhali angemkaripia. Aliokota kata, akaikung'uta, akasema taratibu, "Paddy, yale machicha ndiyo yalikuwa yanamkalisha baba yako."

Kijana akasimama na chujio lake mkononi. Mwaka mzima alikuwa amewahubiria wateja habari za jasho la mkulima. Kumbe mkulima mmoja alikuwa akipigania uhai wake kwa kata na maji moto, naye hakumwona. Emojong aliporudi jua likizama, alisema, "Nimekaa tu. Sijagusa." Paddy alitaka kumwomba msamaha. Akaishia kumsogezea kiti.

Asubuhi, Jumapili, aliwahi kuamka. Akakaanga buni kwenye kigae, akatwanga, akachemsha, akaongeza tangawizi mara mbili ya ile ya mama. Akapanga viti sita kuizunguka sufuria.

"Baba yuko wapi?"

"Amewahi kanisani," Akiteng akajibu.

Paddy akatoka mbio kuwaita baba na Elungat. Hakufika kanisani. Njiani, uwanjani kwa Resty, watu walikuwa wameshakaa kuzunguka chungu, na kati yao aliona shati jeupe la baba la ibada.  Elungat alisogea kumpa Emojong nafasi, akafuta ncha ya mrija wake kwa kiganja, akamwazima. Emojong aliupokea kwa mikono miwili, akainama.