Chuo cha Atupele

Usiku ule nilipanda kitandani na hasira zangu zote. Sikusali, wala sikumtakia baba usiku mwema. Tulikuwa tumegombana tangu jioni kwa ajili ya fomu ya kuomba chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, katika dirisha la mapema. Dirisha hilo lina sharti lake. Unaomba chuo hicho kimoja tu, unasaini kwamba wakikukubali utakwenda, na vyuo vingine vyote unaachana navyo. Anasaini mwanafunzi, anasaini mzazi, anasaini mwalimu mshauri. Mwalimu wangu, Madam Kissa, alikwishasaini. Baba alikuwa amekataa, na mwisho wa kutuma ulikuwa Jumatatu. Hiyo ilikuwa Jumamosi.

"Nipe sababu moja tu," baba alisema. "Kwa nini hiki na si kingine?"

"Ni chuo kizuri, baba."

"Vyuo vizuri viko vingi."

"Madam anasema nikiomba mapema nafasi yangu inakuwa kubwa."

"Hiyo ni sababu ya Madam. Mimi nimeuliza yako, Sekela."

Nikamwambia kwamba haelewi kitu. Sijawahi kumjibu baba yangu hivyo. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha usoni, na huo upole wake ukanikera kuliko kama angenifokea. Nikaingia chumbani.

Sababu nilikuwa nayo, ila haikusemeka. Chuo kile hakikuwa changu. Kilikuwa cha Atupele.

Atupele alikuwa rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, katika shule ya bweni huku kwetu Tukuyu. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini, mimi juu, maana yeye hakutakiwa kupandapanda. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Baridi ya Tukuyu ilimtesa. Asubuhi nyingine aliamka viungo vyote vinamuuma, nami ndiye niliyemchotea maji ya moto jikoni kwa wapishi. Chuo kile alikiona kwenye kijitabu maktaba. Kilikuwa na maabara inayochunguza ugonjwa wake.

"Nitakwenda kuwauliza wao wenyewe hii damu yangu ina nini," aliniambia. "Na wewe twende."

"Twende," nikajibu, kama mtu anavyojibu rafiki yake.

Alifariki tukiwa kidato cha tano, mwezi wa baridi. Mimi nilikuwa darasani nafanya jaribio la fizikia. Siku ya mazishi mama yake alinishika mikono yote miwili mbele ya watu, akasema, "Sekela, sasa utakwenda wewe. Utafika kule alikotaka kufika mwanangu." Nikasema, "Ndiyo, mama." Ungesema nini wewe?

Basi nilimaliza kidato cha sita, matokeo yakatoka vizuri, Madam Kissa akafurahi, na kila mtu akaniona tayari nimekwishafika. Kumbe nilikuwa nimekwama kwenye swali la kwanza la fomu: *Kwa nini umechagua chuo chetu?* Nililijibu mara kumi na moja. Kila jibu lilizungumzia damu, wodi, maabara. Mimi damu inanizungusha kichwa. Nikiona sindano natafuta pa kukaa. Nilisoma nilichoandika, nikasikia sauti ya Atupele kila mstari, nikafuta, nikaanza upya, ikaja ile ile.

Hivyo ndivyo nilivyolala.

Ndotoni, kwanza nilikuwa bombani nyuma ya bweni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kamba za kuanikia. Mtu alikuwa ameinama anafua, na nilimjua kwa mgongo wake kabla hajageuka. Alikuwa amevaa sketi ya shule na blauzi ya mikono mifupi, bila sweta. Nikataka kumkaripia kama zamani: we Atu, vaa sweta! Lakini mdomo ulikuwa mzito. Maji yalimpita kwenye vidole, na yeye alikuwa anafua polepole, kama mtu asiye na haraka ya kurudi popote.

"Atu," nikasema.

Akainua uso. Hakuwa mweupe wala hakung'aa kama watu wanavyosimulia. Alikuwa yeye, na lile jino lake lililokatika pembeni.

"Umechelewa," akasema.

Nilitaka kumuuliza nimechelewa wapi, lakini bomba halipo tena. Tupo kwenye ukumbi wa mitihani. Madawati yamepangwa mbalimbali, wasichana wote wameinamisha vichwa, na sauti pekee ni ya kalamu. Msimamizi anapita na karatasi. Sura yake siioni, naona viatu tu, na viatu ni vya Madam Kissa. Ananiwekea karatasi mezani. Naigeuza. Ni ile fomu. Jina la chuo liko juu, na chini kuna mistari mitatu ya saini. Atupele ameketi dawati la mbele yangu, amenipa kisogo.

Namnong'oneza, "Atu, niambie. Nisaini?"

Hageuki.

"Niambie ndiyo au hapana. Nakuomba."

Najua ananisikia, maana naona anavyotikisa kichwa kidogo, kama alivyokuwa akifanya nikimsumbua wakati wa kujisomea jioni. Msimamizi anasema zimebaki dakika tano. Na hapo hasira ya jana yote, ya wiki nzima, ya miaka miwili, inanipanda kooni. Nasimama. Napiga kelele katikati ya ukumbi, na hakuna hata msichana mmoja anayeinua kichwa.

"Wewe ndiye uliyekitaka! Ulisema twende, halafu ukaondoka peke yako, ukaniachia mimi mama yako na hii karatasi! Kila mtu ananiuliza mimi. Mimi nimuulize nani?"

Nilimgombeza marehemu. Hata sasa nikisimulia naona aibu. Lakini kule ndotoni sikuona aibu hata kidogo. Nilitaka anijibu, basi.

Nakaa. Nachukua kalamu. Nasema moyoni, haya, nasaini, yaishe. Naandika kwenye mstari wa kwanza, na mkono unakwenda wenyewe, mwepesi, hati nzuri ya mviringo ambayo si yangu. Natazama. Nimeandika *Atupele*. Nafuta. Naandika tena, taratibu, herufi moja moja, nikianza na S. Inatoka *Atupele*. Nafuta mpaka karatasi inatoboka, na kupitia lile tundu sioni meza, naona majani.

Kisha tuko mlimani, mimi na yeye, kwenye ile chemchemi iliyo juu ya shamba la babu yangu, ambayo huwa inakauka mwezi mmoja kila mwaka na hakuna anayejua maji yanakwenda wapi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala kifudifudi pale, sikio kwenye mwamba, nasikiliza. Atupele hakuwahi kufika pale alipokuwa hai. Mlima ulikuwa mkali mno kwake. Sasa amepanda na wala hahemi. Amekaa kwenye jiwe, miguu mitupu ndani ya maji.

Natamani kumwambia atoe miguu. Naona magoti yake, hayajavimba. Namwacha.

"Huku hukuwahi kuniambia," anasema.

"Hukuwahi kuniuliza," najibu, na bado nina hasira, lakini imepungua makali.

Anacheka. Ule mcheko wake wa puani. Anakaa muda mrefu akitazama maji yanavyotoka chini ya mwamba, na mimi namtazama yeye, nikijua kwa namna ninavyojua ndotoni kwamba akisimama ndiyo mwisho. Anasimama. Anajifuta mikono kwenye sketi.

"Sekela," anasema, "jina langu usiliandike tena. Mimi nimeshakwenda."

"Kwa hiyo nisisaini?"

Ananitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyerudia swali. Aligeuka akaanza kupanda, si kushuka, na ukungu ukamfunika kuanzia miguuni.

Niliamka nimeng'ang'ania shuka. Kulikuwa kumepambazuka na mvua nyepesi ilikuwa inagonga bati. Nililia kidogo, halafu nikakasirika tena kwa sababu hata kule alikuwa mkaidi vile vile. Ndiyo au hapana, angepungukiwa nini? Nikakaa kitandani nikiyarudia maneno yake mpaka nikachoka kujidanganya kwamba sikuyaelewa.

Baba alikuwa jikoni anawasha jiko.

"Shikamoo, baba. Nisamehe kwa jana."

"Marahaba, mwanangu. Yamepita."

"Usisaini ile fomu. Nitaomba dirisha la kawaida, vyuo kadhaa. Nataka kusoma mambo ya maji, ya chini ya ardhi. Na sijui kama watanichukua."

Alipuliza moto kwanza. "Hiyo sasa ni sababu," akasema.

Madam Kissa hakulichukulia hivyo. Nilipompigia simu alinitaka nirudie nilichosema. "Unajua unachokitupa, Sekela? Unajua wangapi wanakililia?" Nikamwambia najua. Akasema amepoteza muda wake, akakata. Alikuwa na haki ya kukasirika. Barua ya kunipendekeza aliiandika kwa wiki mbili.

Lakini kwa Mama Atupele sikuweza kutumia simu. Nilikwenda mwenyewe, mchana baada ya ibada. Alikuwa kibarazani anachambua maharage. Nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka, na kabla sijapoteza ujasiri nikamwambia yote: kwamba siendi kule, kwamba ahadi niliyompa makaburini siwezi kuitimiza, kwamba nimemwona mwanawe. Nikamsimulia ndoto tangu bombani mpaka mlimani. Hata kwamba nilimpigia kelele, sikuficha.

Mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya ungo. Nilisubiri aniambie kwamba nimemsaliti, na nilikuwa tayari kukubali.

"Huko ulikomwona," akauliza mwishowe, "alikuwa anaumwa?"

"Hapana, mama. Alipanda mlima wote ule."

"Hakushika kiuno?"

"Hakushika."

Akaweka ungo chini. Akavuta khanga akajifunika uso, na mabega yakaanza kumtetemeka, nami nikasogea nikamshikilia. Tulikaa vile mpaka mvua ikakatika. Kisha akajifuta, akanishika kidevu kama ananitazama kwa mara ya kwanza.

"Mwenzako amekwishafika kwake. Basi nenda kwako, Sekela," akasema. "Nenda kwako."