Kengele ya Mpaka-Nipime

Mjomba wangu hakuwa mtu wa kuingia nyumba ya mtu bila sababu. Si kiburi, wala hakuwa amegombana na yeyote. Tatizo lake ni kwamba hakujua kukaa. Ukimwambia, "Mjomba, karibu, tupige soga," anaanza kuangaza macho huku na huku akitafuta kitu kilichoharibika. Akikipata, uso unachangamka, atakaa saa tatu nzima mradi mikono ina kazi. Asipokipata, anasema, "Haya, nilikuwa napita tu." Anapita kwenda wapi? Nyumba yake iko nyuma ya yetu, hatua arobaini kutoka mlango wa jikoni.

Mtaa mzima ulimwita Mpaka-Nipime. Alifanya kazi miaka thelathini kwenye karakana ya kituo cha redio, akihudumia mitambo ya kurushia matangazo, na huko ndiko alikopata ugonjwa wa kutoamini kitu. Betri imekufa? "Mpaka nipime." Balbu imeungua? "Mpaka nipime." Siku moja nilimwambia nina homa, nikaona mkono unakwenda kwenye mfuko wenye mita yake ya kupimia umeme. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Hakuoa, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini. Alipostaafu alijifungia kwenye vyumba vyake viwili na meza ya mbao iliyojaa alama za moto, makopo ya skrubu, na ile mashine nzito yenye kioo cha kijani inayouchora umeme ili uuone kwa macho. Karakana walitaka kuitupa, akaibeba. Aliiita Mama Mkwe, kwa sababu haiharakishwi: unaiwasha, unaingoja ipate moto, na ikishawaka, ole wako ubamize mlango.

Watu siku hizi hawatengenezi redio, wanatupa. Kwa hiyo akawa anaunda vibodi vyake mwenyewe, vibao vidogo vya umeme. Kimoja kilipiga mlio maji yakichemka. Kingine kilimwambia mvua imeanza, jamani, na dirisha analo! Kingine alikifunga mlangoni, kinahesabu watu wanaoingia. Nilikisoma mwezi wa sita. Tangu mwaka uanze walikuwa wameingia watu kumi na mmoja, na tisa kati ya hao nilikuwa mimi.

Mwaka huo mama yangu alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, ulimi ukawa mzito, maneno yanatoka nusunusu. Mama ni dada mkubwa wa Mjomba, na ndiye aliyemlea wazazi wao walipofariki. Mimi nashona sare kiwandani, naondoka asubuhi narudi saa kumi, na msimamizi wetu hata ukiumwa jino anakuuliza ni jino la ngapi. Nani angeshinda na Mama? Kaka yangu anaishi mji mwingine, safari ya siku nzima, akawa ananiambia kwenye simu, "Mlete huku. Mke wangu yupo nyumbani." Mimi sikutaka. Mjomba naye hakutaka, ila yeye hakusema. Alikuja tu siku ya pili na waya mrefu begani.

Akafunga kitufe ukutani, kando ya kitanda, upande wa mkono mzima wa Mama. Waya ukatoka dirishani, ukavuka uwanja, ukaingia kwake hadi kwenye bodi mezani, na bodi ikaunganishwa na kengele. Mama akibonyeza, Mjomba anasikia, anakuja. Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mama alitaka maji, kengele ikalia, Mjomba akaleta maji.

Wiki ya pili kengele ikaanza vituko. Inalia mara tano, mara sita kwa siku. Mjomba anakimbia roho mkononi, mzee wa miaka sabini na moja, anamkuta Mama amefumba macho, hana habari. Anarudi. Hajakaa, inalia tena.

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Jioni moja nilisimama katikati yao wawili nikayatoa yote. "Mama, sema ukweli. Kama ni wewe unayebonyeza ovyo, tujue akili zimeanza kuhama, nikutafutie pa kukaa penye watu wa kukuchunga!" Mama akageuza uso ukutani. Nikamgeukia Mjomba. "Na wewe, kama ni bodi yako, nakupa wiki mbili. Isipotengemaa, anakwenda kwa Kaka. Siwezi kuwa kazini nikiwa na kengele ya wazimu nyumbani." Mjomba aliitikia kwa kichwa tu. Aliona nilichokuwa nakishika mkononi: mtu pekee aliyekuwa akimwita duniani.

Akaanza kupima. Akapima betri, nzima. Akapima kitufe, kizima. Akaufuata waya pima kwa pima kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga, mzima. Mwishoni akaiunga Mama Mkwe kwenye bodi aone kengele inalia kwa sababu gani. Basi, kengele ikanyamaza! Siku mbili, kimya, inalia Mama akibonyeza tu. Akaitoa mashine, vituko vikarudi. Akairudisha, kimya.

"Mjomba, si uiache tu hapohapo?" nilimwambia.

"Hiyo si kutengeneza," akajibu, amekasirika kweli. "Hiyo ni kumweka polisi sebuleni."

Siku chache baadaye nilirudi kutoka kazini nikamkuta ananisubiri jikoni, amesimama kama kawaida yake, anacheka peke yake. Alinieleza mara mbili mpaka nikaelewa. Waya ule, kama haujabonyezwa, lazima ushikwe na kitu. Ukiachwa unaning'inia, unaokota umeme wowote wa jirani, friji ya huyu, pasi ya yule, na bodi inadhani ni kidole cha mtu. Kinachoushika ni kirizista kimoja, kipande cha kuzuia umeme, kidogo kama punje ya mchele, na mguu wake mmoja haukuwa umelehemiwa sawasawa. Ulikuwa umegusa tu. Akiiunga Mama Mkwe, mashine yenyewe ndiyo inaushika waya, ndiyo maana ugonjwa ulijificha kila alipokuja daktari.

"Na nani alilehemu?" nikamchokoza.

Kicheko kikakatika. "Mimi. Miaka yote nimewafokea watu karakana kwa kosa hilohilo." Akavua miwani akaitazama kama ndiyo iliyomsaliti. Nilitamani nimkumbatie, lakini Mjomba hakumbatiwi.

Akalehemu upya kwa lenzi ya kukuzia. Akaiacha Mama Mkwe imeungwa siku chache aangalie, si kwa kuushika waya sasa, bali kwa kuhakikisha. Siku ya kwanza shwari. Ya pili shwari. Nikampigia Kaka simu nikamwambia kwa majivuno kwamba fundi wangu ameshinda, Mama haendi popote.

Siku ya tatu nilimkuta kwake amekaa mbele ya kioo cha kijani, mikono mapajani.

"Vipi?"

"Imelia. Mara nne."

"Mama alikuwa anataka kitu?"

Akakifuta kioo kwa mkono wa shati. "Hapana. Alikuwa amelala. Ni bodi, mwanangu. Sijui ina nini. Labda mimi ndiye nimechoka."

Mimi sikusikia kilichokosekana kwenye maneno hayo. Mtu aliyekuwa hakubali hata jua limechomoza mpaka apime, leo anasema hajui, na mashine ya kupimia imewaka mbele yake! Ningekuwa na akili ningeuliza. Lakini hasira zilishanipanda, nikamwambia maneno ambayo mpaka leo yananichoma: "Basi ungesema mapema kwamba mkono wako umekwisha, tusingepoteza wiki mbili." Akasema, "Kweli." Neno hilo moja tu.

Jumamosi Kaka alikuja na gari, tukampakia Mama na mito yake. Mama alilia. Mjomba alisimama kando ya gari akikagua taa ya nyuma, akamwambia Kaka nati moja imelegea. Akaikaza, gari likaondoka.

Zilipita wiki tatu. Sikwenda kwa Mjomba hata mara moja, na yeye bila shaka hakuja. Jumapili asubuhi nikaamua kusafisha chumba cha Mama. Godoro nilikuwa nimelitoa juani, nimebaki na kitanda cha mbao tupu. Nikaanza kufuta ukuta kwa kitambaa, nikapitisha mkono juu ya kile kitufe bila kufikiria.

Nikaisikia kengele kule kwake. Kisha mlango. Kisha miguu inakimbia uwanjani. Mjomba akaingia, kiatu kimoja mguuni, povu la kunyolea ndevu upande mmoja wa uso. Akatazama kitanda. Akatazama zile mbao. Akanitazama mimi na kitambaa changu.

"Nilikuwa nafuta ukuta," nikasema. Aibu ilinishika, sijui kwa nini.

"Ah. Sawa," akasema, akipumua kwa shida. "Nilikuwa napita tu."

"Mjomba, subiri. Ile bodi si ulisema mbovu, inalia yenyewe?"

Akageukia mlango.

"Sasa mbona umekuja mbio?"

Akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Sikuwahi kumwona akiketi nyumbani kwetu bila bisibisi mkononi. Akafuta povu kwa kiganja.

"Haijawahi kulia yenyewe tena tangu nilipolehemu," akasema. "Umeme wa kuokotaokota unachora manyoya kwenye kioo. Kidole cha mtu kinachora mstari safi, unapanda, unakaa, unashuka. Wake ulikuwa unakaa sana. Hakuwa na nguvu za kuachia haraka."

"Kwa hiyo ni Mama?"

"Siku ile niliingia nikamkuta amefumba macho. Nikamwambia, Dada, nimekuona kwenye kioo. Akafumbua jicho moja, akacheka kwa ule upande mzima. Halafu akaniomba nisikwambie. Alikuogopa. Ulisema akili zake zinahama."

"Kwa nini hukunibishia? Nilikutukana, Mjomba! Ukaacha nimpeleke!"

"Ningesema bodi ni nzima, ungesema dada yangu ni mwehu. Nilidhani nikisema bodi ni mbovu, utaniongezea wiki nyingine." Akainamisha kichwa. "Hilo sikulipima vizuri."

Nikauliza walikuwa wakifanya nini kila alipoitwa.

"Tulikuwa tunakaa," akasema. "Dakika kumi, robo saa. Nimeitwa, sasa niondoke vipi? Yeye anajifanya amelala, mimi najifanya nachunguza waya. Siku nyingine namweleza bodi ninayounda. Haelewi kitu. Anapenda tu."

Nilimpigia Kaka simu papo hapo, nikamwambia ninakuja kumchukua Mama. Kaka hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema Mama anafanyishwa mazoezi kila asubuhi, juzi ametembea hatua sita akishika ukuta, mke wake anashinda naye. "Unataka umrudishe huko ashinde peke yake na kitufe?" Alikuwa sahihi, nami nilijua. Nikamwomba ampe Mama simu, nikamwambia, "Mama, Mjomba ameniambia." Nikasikia analia, nami nikalia.

Nilipokata simu, Mjomba alikuwa bado amekaa. Nikamwambia aende kule akamsalimie, basi liko kila siku. Akatikisa kichwa. Aende kufanya nini? Nyumba ya watu, hajaitwa na mtu. Nikamwambia ni nyumba ya mpwa wake, jamani. Akatikisa tena.

Akainuka, akafika mlangoni, akashika kitasa. Alisimama pale muda mrefu akiwa amenipa mgongo, akikizungusha kitasa kana kwamba anakijaribu.

"Hivi kule kwa kaka yako," akauliza, "hakuna kitu kilichoharibika?"

Nyumba ya Kaka haina hata mwaka. Kila kitu ni kipya, mpaka swichi bado zina nailoni za dukani.

"Viko vingi, Mjomba," nikamwambia. "Vingi mno. Wanakungoja wewe."