Kifaa cha Mukami na Betri ya Kalamba

Duka langu na la Mukami hapa Emali yameshikana ukuta, kwa hivyo akikasirika mimi nasikia. Siku hiyo alirusha bisibisi. "Ebla, kuja uone! Ameunguza tena!"

Mukami hutengeneza redio. Mwaka jana akaingiwa na wazimu mpya: kifaa cha kuingiza maagizo kwenye chipu, kile kidude cheusi chenye miguu ambacho ni ubongo wa mashine. Mwanafunzi anaandika kwa simu, anachomeka waya, chipu inatii. Bei isizidi ya kuku mmoja. Wallahi nilimcheka. Nani huku anataka kufundisha chipu?

Kumbe Kalunde anataka. Ni mjane wa kijiji cha Kalamba, na vifaranga wake walikuwa wakifa kwa baridi ya Julai. Alitaka chipu imwashie taa baridi ikizidi. Sasa kifaa cha pili kilikuwa kimerudi kikinuka moshi, na ujumbe: asante, lakini haya si ya kichwa changu, naacha.

"Si aache," nikasema. Mimi sina huruma ya bure.

"Zii. Nataka kujua anafanyaje."

Tukafunga maduka, tukaenda. Mukami hata chai alikataa. "Mwaitu, mama yetu, nionyeshe tu vile ulifanya."

Kalunde aliingiza maagizo vizuri kabisa. Halafu akavuta waya kutoka kwa betri ya sola, kubwa kama ya lori. "Kila kitu hapa kinakula kwa hii. Redio, taa. Hiki nacho kitakula wapi?"

Mukami akashika mdomo. Kifaa chake kilizoea umeme mdogo wa simu, na hakuwahi kuuliza nyumba za Kalamba zina umeme gani.

Njiani alinichosha na maswali. Na wakigeuza waya je? Akaongeza kipande cha kupunguza nguvu, na kingine cha kuzuia umeme uliogeuzwa. Ili bei isipande, akaondoa kisanduku cha plastiki.

Tuliporudi Kalamba, Kalunde alikataa kukigusa. "Nitaunguza cha tatu."

Aiya! Nikapandwa na hasira. Nikashika waya mwenyewe, nyekundu nikaweka pa nyeusi. Kimya, hata moshi hakuna. Nikazipanga sawa, taa yake ndogo ikawaka.

Kalunde akakitazama sana. "Kwa hivyo haikuwa mimi?"

"Haikuwa wewe, Mwaitu," Mukami akasema. "Ilikuwa mimi."

Kalunde akafuta macho kwa leso, akaninyang'anya waya.