Waliosema Nimemzika Mume Wangu Bustanini

Jembe la kwanza lilinipata begani, na aliyelishika alikuwa shemeji yangu.

"Umemzika wapi kaka yangu? Sema!"

Nilidhani utani. Mume wangu ni dereva wa lori, alikuwa safarini na simu haipatikani. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Ila uani watu walishajaa na marungu na mawe.

Majirani hawakuipenda bustani yangu tangu mwanzo. Kwao, mchicha katikati ya maghorofa ni ushamba, kichaka cha nyoka na vibaka. Na darasa langu la kuwafundisha akina mama kulima walilicheka waziwazi.

"Mnasikia harufu?" mmoja wao akapaza sauti. "Fukueni pale kwenye maboga!"

Nikasema ni mbolea, ni vichwa vya samaki na mifupa ya buchani. Nani asikie? Shemeji alinitandika mpini, mfupa wa mkono ukalia ko! Nikaanguka. Mtu akanikanyaga shingo.

"Mfupa! Mfupa huu hapa!"

Jamani, niliogopa. Jiwe liling'oa jino langu, nikalimeza pamoja na damu. Halafu nikasikia sauti ikiuliza petroli iko wapi.

Aliyenikinga ni fundi cherehani, mwanafunzi wangu. Alijitupa juu yangu, akapigwa yeye, uso wote damu.

"Hata mimi nimezika mifupa ya mbolea kwangu! Ametufundisha! Chimbeni mpaka chini, wapumbavu nyie!"

Shemeji akachimba kama kichaa. Kikatoka kichwa cha samaki, kingine, kisha taya la ng'ombe na meno yake yote.

Wakaanza kuchomoka mmojammoja, macho chini. Hakuna aliyeniinua.

Kesho yake mume wangu akarudi mzima, akanikuta wodini na plasta mkononi.

Aliyepiga yowe la kwanza, kwamba nimezika mtu, naye alikuja kunitazama. Jirani wa ghorofa ya juu. Yeye pia mwanafunzi wangu!

"Nilikuona dirishani unafukia gunia, mwalimu," akasema huku analia. "Siku ya somo la mbolea sikuja. Nilikuja ile ya kugawa miche tu."

Sijamsamehe. Lakini nimemwambia nikipona nalirudia somo lile, yeye na shemeji wakae mbele.

Wewe unayecheka watu wanaojifunza kilimo mjini, cheka tu. Mimi nilibakiza kiberiti tu kuchomwa moto, kwa sababu mtu mmoja alikosa kipindi kimoja.