Kamera Iliyokataa Nainokanoka

Wilibrodi Tluway alizaliwa Mbulumbulu, katika familia ya wakulima wa ngano, lakini mikono yake haikupenda jembe. Mwanzoni mwa miaka ya themanini alikuwa fundi saa pale Karatu, katika kibanda cha bati ambacho kufikia saa sita mchana kilikuwa na joto la kuivisha mkate. Humo ndimo alimoifufua kamera.

Ilikuwa kamera ya zamani, ya kukunja, isiyotumia betri. Mkulima wa Kizungu aliyeondoka Mbulumbulu aliiacha ghalani, na panya walikuwa wamekwisha kuutafuna mkanda wake. Wilibrodi aliifungua kwa bisibisi zake za saa, akafuta ukungu kwenye lenzi, akaziba matundu ya ngozi kwa gundi ya viatu. Nyuma ya lenzi kulikuwa na vibati vyembamba vinavyofunguka na kujifunga kwa kasi ili kupitisha mwanga kidogo tu. Vilikuwa vikavu na vizito. Mafuta ya cherehani yalikuwa yameadimika madukani mwaka ule, basi akavipaka mafuta ya mkia wa kondoo, kama alivyopaka bawaba za mlango, kisu na viatu vyake vya kanisani. Vibati vikaanza kucheza vizuri. Akawapiga picha majirani, filamu ikasafishwa Arusha, na kila mtu akatoka na uso wake.

Habari hizo zilimfikia Namunyak, mhudumu wa zahanati. Baba yake, mzee Ngoitiko, aliishi Nainokanoka, juu kabisa Ngorongoro, na kifua chake kilikuwa kikizidi kudhoofu. Hakuwahi kupigwa picha maishani, wala hakuwa na kioo.

"Kaka Wili," alisema Namunyak, "nataka wanangu wamjue babu yao hata asipokuwapo."

Walipanda asubuhi mapema kwa lori la mahindi. Mzee alikaa mbele ya boma lake, blanketi limemfunika hadi kidevuni, umande ungali majanini. Wilibrodi alipiga picha kadhaa kwa uangalifu mkubwa. Ziliporudi kutoka Arusha, zote zilikuwa nyeupe kama maziwa.

Alidhani filamu iliharibika. Alipiga nyingine Karatu kwa filamu ya kundi lile lile, ikatoka safi. Akapanda tena Nainokanoka, na picha zikarudi nyeupe vilevile.

Namunyak alipompelekea baba yake habari hizo, mzee alicheka hadi akakohoa. "Mwambie huyo fundi wako Mmbulu kwamba mimi nimekuwa ukungu. Nitakaa mara moja tu tena. Baada ya hapo aende akawapige mbuzi, wao hawachoki."

Basi ilikuwa imebaki nafasi moja, na Wilibrodi hakujua kosa liko wapi. Alishuku ukungu wa mlimani. Alishuku mwinuko. Alishuku hata pumzi yake mwenyewe. Mchana aliiweka kamera mezani, akabonyeza, akasikiliza, na kila mara vibati vilifunga sawasawa. Jambo lililomchosha zaidi ni kwamba hakuwa na kitu cha kurekebisha.

Asubuhi moja alikuwa akinywa uji jikoni. Mkewe, Evarista, alikuwa akihangaika na kibuyu.

"Baba Cresensia, nisogezee kibuyu motoni. Mafuta yameganda, kijiko hakiingii."

Wilibrodi alikisogeza, kisha akabaki amekishika.

"Unaunguza mkono," alisema Evarista.

"Mama Cresensia, haya ndiyo niliyopaka kwenye kamera."

"Kwenye kamera? Ulikuwa unaikaanga?"

Aliichukua kamera, akaiacha nje kwenye umande mpaka ikapoa kabisa, kisha akaibonyeza. Vibati vilifunguka na kubaki wazi, vikajifunga taratibu kama mtu anayesinzia, huku mwanga ukizidi kuingia. Ndivyo ilivyokuwa kwenye baridi ya Nainokanoka; kibandani mwake, chini ya bati la moto, visingeweza kufanya hivyo kamwe. Alivifungua vyote, akaviosha kwa petroli mpaka pasibaki hata harufu ya kondoo, akavirudisha vikavu.

Hata hivyo, alipopanda mara ya mwisho, hakuwa na hakika. Mlio wa vibati ulikuwa mkali zaidi, au masikio yake yalitaka hivyo. Aliificha kamera ndani ya koti isipoe mpaka mzee alipokaa.

"Shikamoo, mzee. Tulia hivyo hivyo."

"Marahaba. Nimetulia tangu mwaka jana, fundi. Wewe ndiye hutulii."

Picha iliporudi, Wilibrodi na Namunyak waliipeleka pamoja. Mikunjo ya uso ilionekana, pamoja na masikio marefu na jicho moja lililofumba kidogo kwa sababu ya jua. Mzee Ngoitiko aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, kisha akaishika kwa mikono miwili.

"Huyu ni baba yangu," alisema hatimaye. "Alikufa kabla mashine hizi hazijafika huku. Mmempata wapi?"

Namunyak alimtazama Wilibrodi, naye Wilibrodi akawatazama ng'ombe.

Mzee aliitia picha ndani ya blanketi, upande wa kifuani. "Basi fundi anajua kazi," alisema. "Leteni kamera. Sasa nitakaa, nipigwe na mimi."